Fomu Namba Saba

Nilifika Kayenze saa nne asubuhi, kwa barua,
wiki mbili baada ya wao kuijua siku yangu.
Rangi ya mlango iliniganda kiganjani.
Shuka zote mpya, mikunjo ya dukani
ingali imeinuka vitandani kama matuta ya viazi.

Vitanda ishirini na sita: vema.
Vyandarua: vema.
Choo chenye kishikio: kimoja, kimelegea. Nikaandika "kipo".
Lishe: ubao unasema sato mara tatu kwa wiki,
na vumbi la chaki lilikuwa bado sakafuni.

Mzee Lugembe, fundi wa zamani wa kinu cha pamba,
mguu mmoja, akanivuta mkono wa sweta:
"Mama mkaguzi, ukiondoka
usisahau kubeba shuka zako."
Msimamizi akacheka. Nami,
Mungu anisamehe, nikacheka kwa adabu ya mgeni.

Usiku ule, Kirumba, usingizi ulinikataa.
Fomu inauliza kama kengele ipo kando ya kitanda.
Haiulizi nani huitika.
Inauliza idadi ya vikombe,
haiulizi kikombe kiko umbali gani kutoka mkononi.
Inauliza sababu ya kuletwa, na kwa Bibi Nkwimba
mtu alijaza "macho",
neno moja, kana kwamba ni ugonjwa,
kana kwamba miaka sitini ya moshi wa samadi
ingempa mpishi yeyote macho ya rangi nyingine.
Sasa hayaoni kabisa. Hakuna aliyeongeza hilo.

Alhamisi nikarudi bila barua, saa mbili usiku.
Wadudu wa ziwa walikuwa wameifunika taa ya nje
hadi ikabaki kikohozi cha mwanga.
Shuka mpya zilishakwenda zilikotoka.
Godoro la Lugembe lilikuwa limelowa,
na mvua haijanyesha Kayenze tangu mwezi uandame.
Nikaigonga kengele yake, nikihesabu.
Ya saba ilijibiwa na mbwa.

Chumba cha mwisho, chini, kwenye mkeka,
Ngollo, mhudumu niliyemkata alama
kwa kukosa sare na cheti,
alikuwa akichambua miiba ya ningu
kwa mwanga wa kibatari, akilikagua kila tonge kwa vidole
kabla halijafika kinywani mwa Nkwimba.
"Huu wa ubavuni. Huu wa mgongo. Huu ndio wa mwisho, bibi."
"Mwongo wewe. Wa mwisho tumeshautoa mara nne."
Wakacheka, wote wawili, mdomo umejaa mmoja.
Nilisimama mlangoni na tochi yangu ya simu.
Nikaizima.

Ripoti nimeiandika upya. Godoro, kengele, shuka,
jina la msimamizi, vyote kwa wino.
Huduma baada ya giza: haipo.
Nikakata. Nikaandika: ipo, moja,
hulipwa elfu themanini kwa mwezi, haina cheti.

Mkuu wangu ameirudisha leo.
Anasema kisanduku hicho hakimo kwenye fomu.

Najua. Nilikichora kwa rula.