Fundo

Lango la malisho ya juu halikuwahi kuwa na komeo.
Baba alilifunga kwa kamba ya buluu,
ile ya kufungia marobota ya nyasi,
fundo juu ya fundo, mvua juu ya mvua,
hata kamba ikawa ngumu kama mfupa wa kondoo.

Nilirudi Leitrim mwezi wa Februari
na komeo jipya mfukoni, la chuma,
nimelinunua Birmingham kwa ujira wa siku nzima.
Miaka kumi na mmoja. Hakuniuliza ya safari.
Alivitazama viatu vyangu, akasema:
"Hivyo havifiki Jumapili."

Nikalikaza komeo kwa skrubu nne.
Usiku nikasikia mlango wa jikoni,
buti zake zikinyonywa na tope la uani.
Asubuhi komeo liko mezani,
limefutwa, limepakwa mafuta, limeviringishwa gazetini
kama samaki,
na skrubu zote nne zimo kikombeni mwangu.

Wasemao kimya kingi kina mshindo
hawajapata kula mezani petu.
Chetu kilikuwa na kijiko tu,
na saa ya ukutani ya mama, iliyotangulia dakika saba
tangu wiki aliyozikwa.
Hakuna aliyethubutu kuirudisha nyuma.

Usiku wa tatu ng'ombe mwekundu akashikwa na uchungu.
Ndama alitanguliza miguu ya nyuma.
Baba akaita zizini. Hakuniita mimi.
Aliita "Cathal!"
ndugu yangu aliyezama ziwani akiwa na miaka tisa,
nami nikaitika.

Tukavuta. Kamba ileile ya buluu
ilizunguka kwato, kisha kiganja chake, kisha changu.
Alinuka tumbaku na sabuni ya kufulia.
"Sasa," alisema. "Ngoja. Ngoja. Sasa."
Maneno mengi kuliko barua zote alizoniandikia,
nazo zilikuwa mbili,
moja ikihusu bei ya mbolea.

Ndama akaangukia majani makavu, mvuke ukimfuka.
Baba akamsugua kwa koti langu,
lile zuri, bila kuomba.
Kisha, akiwa amenipa mgongo:
"Najua ni wewe, Fergal."
Sikumuuliza amejua tangu saa ngapi.

Basi hupita njia kuu saa mbili asubuhi,
na njia ya mkato hukata malisho ya juu.
Nikafika langoni na begi langu.
Nililijaribu fundo kwa kucha, nikalijaribu kwa meno.
Lilikuwa na ladha ya chumvi na ng'ombe.
Nikalirusha begi ng'ambo, nikaanza kupanda
kama mwizi wa matofaa.

"Upande wa bawaba!"
Alisimama mlangoni na soksi zake, mvuani.
"Upande wa bawaba, utalipinda!"

Nikashuka.
Nikazunguka hadi kwenye bawaba, nikapanda polepole,
naye hakuingia ndani
mpaka miguu yangu yote miwili ilipogusa chini.