Hodi Yenye Mwenyewe

Winnipeg, Februari. Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
na magari yote ya maegesho yamefungwa waya puani
kama ng'ombe mnadani, injini zisigande.
Sisi tumo ndani, ghorofa ya pili ya hoteli, watu kumi na tisa,
tunabishania namna gari na chaja vitakavyosalimiana.

Nieleze kwa lugha yangu, maana kwa yao huchukua kurasa arobaini:
chaja hupiga hodi.
Gari, likiwa zima, hujibu karibu.
Chaja hutaja jina lake na nguvu zake,
gari hutaja njaa yake,
ndipo umeme huingia, umevua viatu.

Miaka mitatu tunaijadili hodi hiyo:
ipigwe mara ngapi, isipojibiwa isubiriwe kiasi gani.
Kwetu ni tatu, kisha unaondoka zako.
Hapa Bwana Kowalchuk anataka nne,
na ana jedwali la kumuunga mkono.

Kila asubuhi, kabla ya lolote, Bi Ostrander
huvaa miwani, husoma karatasi ileile ya manjano:
Anayejua kwa nafsi yake hataza yoyote,
iliyotolewa au ingali maombi,
yake au ya mwajiri wake,
inayogusa kazi ya kamati hii, na aseme sasa.
Husoma kama padri atangazaye ndoa,
huinua macho, huhesabu pumzi tano.
Bomba la joto hugonga ukutani.
Karani huandika: Hakuna aliyesema.

Kwa nafsi yake. Hapo ndipo penye tundu,
na kampuni yangu ilinipenyeza hapo mimi.
Hawakunituma kwa ujuzi. Wapo wenye ujuzi zaidi,
waliochora, waliotia saini, wamekaa Mississauga
na wamekatazwa kupanda ndege hii.
Nilitumwa kwa kuwa sijui.
Bi Lindqvist, mwanasheria wetu, alinipa mkono akasema,
"Ukiona bahasha ya ghorofa ya sita, usiifungue."
Nikacheka. Nikapandishwa cheo.
Nimenunua nyumba kwa mshahara wa kutojua.

Ila printa haina adabu.
Jumanne iliyopita nilifuata tiketi yangu
nikakuta juu yake mchoro: kisanduku, mshale, kisanduku,
dai la kwanza, dai la pili,
na dai la saba lilikuwa hodi. Yetu.
Na kusubiri kwake. Na mara nne za Kowalchuk,
masikini, anayepigania mali ya watu bila kujua.
Nikailaza karatasi kifudifudi.
Lakini jicho likishameza halitapiki.

Kanuni ikipita, kila chaja toka hapa hadi Gimli
itapiga hodi kwa ada.
Atalipa dereva wa teksi, atalipa mwenye karakana,
atalipa mama anayempeleka mwanawe mpira wa barafu alfajiri,
na risiti haitataja.

Leo Bi Ostrander amesoma. Ameinua macho.
Pumzi moja. Mbili.
Nikawaza mkopo, miaka kumi na tisa iliyobaki.
Bomba likagonga, nadhani mara tatu,
au nilitaka ziwe tatu,
na mkono wangu ulikuwa juu,
uleule ulioilaza karatasi.

Hakuna aliyeguna, hata.
Kowalchuk alifunga jedwali lake polepole.
Mwenyekiti aliuliza: ni maombi, au imeshatolewa?
Nikasema sijui, na safari hii ilikuwa kweli.
Karani, kijana wa watu, akaanza kufuta
mstari aliokuwa ameshauandika.

Chakula cha mchana nilikula peke yangu.
Simu ilitetemeka mfukoni mara tatu,
kisha ikaenda zake.
Jioni nikatoka kuchomoa waya wa gari la kukodi.
Ulikuwa umekakamaa kama fimbo, haukunjiki.
Nikaulaza kiti cha nyuma ulivyo,
na plagi, meno yake matatu nje,
ikanisindikiza hadi uwanja wa ndege.