Mwezi wa Akiba

Bwana Feivel Zalkind, jirani yangu wa Winnipeg,
ana mwezi wa akiba.
Pasaka ikianza kuteleza kurudi kwenye baridi,
huongeza Adari nyingine, kiraka cha siku thelathini,
shayiri ya Yerusalemu iwahi kuiva,
hata kama sisi huku bado tunakwangua barafu kwenye vioo vya magari.

Mwezi wetu haungoji mtu.
Ramadhani imenikuta kwenye theluji,
ikanikuta na mbu wa Julai.

Usiku huu ni Vibanda. Mwezi mpevu.
Paa la matawi linavuja nyota.
"Mbona mnatoka nje, wenzenu wakiingia ndani?"
Ananimiminia supu.
"Tungetoka kiangazi, ungesema tunafuata kivuli."

Sindano ya msonobari imedondokea bakulini mwangu.
Nimeiacha ielee.