Kuchemsha Mara Mbili

Kisima kimo uani, kati ya banda la ng'ombe na mizabibu.
Kina paa la mbao, na kwenye jiwe la mdomo wake
jina la aliyekichimba: Gavril, baba mkwe wangu, marehemu.
Maji yake ni ya baridi inayouma meno.
Wageni wa Pasaka huomba bilauri ya pili,
na Saveta, mama mkwe, huzipokea sifa hizo
kama mtu anayesifiwa mwanawe.

Mimi simnyonyeshi Tudora. Dawa ninazomeza hazipatani na titi.
Nililia siku mbili wodini, mjini, kisha nikanunua kopo.

Nesi Zenovia alikuja na kipande cha karatasi.
Akakichovya, akahesabu chinichini hadi sitini.
Kilianza cheupe, kikawa waridi,
kikalipita waridi, kikafika kwenye divai.
"Nitrati," akasema. "Samadi ya banda, mbolea ya shamba.
Hushuka na mvua. Haina harufu, haina ladha.
Mtu mzima hunywa akaenda zake.
Mtoto wa wiki tano, damu yake husahau kubeba pumzi."

"Basi tutachemsha," Saveta akasema.

"Vijidudu hufa, mama. Hii haifi.
Maji yakipungua sufuriani, yenyewe hubaki,
ikakolea kama mchuzi uliosahauliwa mekoni."

Siku nne hakunisemesha.
Siku nne nilisimama dukani kwa Costel
nikisoma maandishi madogo ubavuni mwa chupa:
haya yana mapovu, la;
haya yana chumvi nyingi, la, figo za Tudora ni punje za maharagwe;
haya, nitrati karibu na sifuri, ndiyo,
na bei yake, Mungu wangu, bei yake.
Nikirudi napita kisimani. Ndoo imejaa, inang'aa.
Uzuri wa mkakasi.

"Gavril aliyanywa akafika themanini na moja,"
akaiambia sahani, si mimi.

Usiku wa tano nikachoka kunyamaziwa.
Nikamweleza alivyonieleza nesi:
kwanza midomo hugeuka buluu, kisha kucha,
na mtoto halii sana, anachoka tu.

Saveta akaweka kijiko chini.

"Ilarion," akasema.

Namjua Ilarion. Ni msalaba mdogo usio na picha,
kushoto kwa Gavril, tunaoupalilia kila Agosti.
"Tulisema ni baridi. Mama yangu akasema ni jicho,
akamzimia makaa majini, akampaka pajini mwa uso.
Maziwa ya unga yalikuwa adimu, nilipanga foleni tangu saa kumi alfajiri.
Na maji niliyachemsha.
Niliyachemsha mara mbili, Ilinca.
Mara mbili, ili yawe salama."

Sikupata neno. Ni lipi hapo?
Jiko lilidondosha kaa. Tudora akapiga chafya usingizini.

Asubuhi kitanda chake kilikuwa baridi, na viatu vya theluji havipo.
Alirudi akikokota kigari cha watoto cha kuteleza,
chupa kumi na mbili juu yake zimefungwa kwa kamba ya ng'ombe.
Akavaa miwani ya Gavril, kidole chini ya namba.
"Hii?"
"Hiyo."

Yeye bado anakunywa ya kisima.
"Mimi tumeshazeeka pamoja," anasema, na simbishii.
Ila mgeni akiomba maji, hutazama kwanza kama amebeba mtoto.

Haya ya dukani nayo nayachemsha, mara moja.
Yangali moto, mililita tisini, vijiko vitatu vilivyosawazishwa kwa kisu.
Naikoroga, naipoza chupa kwenye bakuli.
Saveta ndiye hujaribu tone juu ya kifundo cha mkono wake.
Tone limeshapoa, sote tunajua.
Bado analitazama.