Shafti Inapoa

Tani arobaini na moja za chuma cha pua
zimelala juu ya kerezo kama ng'ombe aliyegoma kuamka,
na sisi watu wawili tunasubiri zipoe.

Nje ni Motherwell, Januari, saa tisa za usiku,
mvua ya barafu inapigapiga mabati.
Saa tano lori lilileta vyuma ghafi,
mlango mkubwa ukafunguliwa, dakika kumi tu,
upepo ukaingia bila kubisha hodi
ukaipapasa shafti ubavu mmoja.
Kwa macho hakikutokea kitu.
Senga akazima mashine.

Jina lake ndilo hilo, Senga.
Bibi yake aliitwa Agnes, wakazigeuza herufi nyuma mbele;
ni mazoea yao huku, wala hawaoni ajabu.
Nilipomwambia kwamba kwa Waganda, ng'ambo ya ziwa letu,
senga ni shangazi,
yule anayekufunza yasiyosemwa mbele za watu,
alicheka, akafuta grisi vidoleni:
"Basi msikilize shangazi yako. Usiguse."

Usiguse, maana kiganja kina joto.
Egemea chuma hiki kidogo tu, umekinenepesha.
Kumbatia maikromita, damu yako imeingia kwenye hesabu.
Tunachowinda ni sehemu mbili za mia za milimita:
chukua unywele mmoja wa kichwa changu,
upasue mara tatu kwa urefu,
baki na kipande kimoja.

Kwetu Nansio tulipima nguzo kwa hatua na shibiri.
Nyumba ilisimama. Bado imesimama.
Siidharau shibiri.

Lakini mwaka juzi niliharibu moja,
ndogo kuliko hii, tani kumi na nane.
Mteja anapiga simu, meneja anapita akitazama saa,
nami nikaiamini namba niliyoitamani.
Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake,
na mpimaji naye
huikaza skrubu kidogo, kidogo mno,
mpaka iseme ndiyo.
Nikakata.
Utepe wa chuma ulitoka ukimeremeta,
ukajikunja kama ganda la kitunguu,
mzuri, Mungu anisamehe, mzuri kweli.
Nguo iliyopungua utaitia kiraka.
Hapa walisema labda ichomelewe; mteja akakataa.
Kreni iliiondoa polepole kama jeneza
na hakuna aliyenigombeza.
Hilo ndilo lililouma.

Saa kumi na nusu.
Senga anatwaa ncha moja ya maikromita, pana kama nira,
mimi ncha ya pili.
"Wewe usisome. Pima tu."
Napima. Anaandika sakafuni kwa chaki, anafunika kwa buti.
Napima tena. Buti la pili.
Mara ya tatu anaandika ukutani
na kuniamuru nigeuke.

Kisha anaondoa miguu.
Namba mbili zinalingana,
ya tatu imekaa kando kama mtoto aliyenuna.
"Ya kweli ni ipi?"
"Bado inahema hiyo," anasema. "Weka birika."

Chai yake imejaa maziwa, yangu ina iliki tu.
Namsimulia baba, aliyekuwa karani wa pamba na mtunzi wa mashairi,
aliyehesabu mizani kwa kugonga meza,
na mstari ukipungua mmoja tu
alichana karatasi nzima, tukabaki bila daftari la shule.
"Ningempa kazi," anasema Senga,
na ananyamaza muda mrefu,
maana Ijumaa anastaafu, na hatujalitaja.

Meneja atafika saa kumi na mbili, atauliza.
Mbali huko, mahali tusipopajua, bwawa limejaa maji
na shimo tupu la kuwekea shafti.
Nauweka mkono wangu karibu na chuma,
karibu tu, kama unavyomwangalizia mgonjwa homa,
na kutoka upande wa pili wa mashine, bila hata kugeuka,
shangazi anakohoa.