Dumu la Tano

Kwa Gwasa, pale mashineni Mwandiga,
ukikamua madumu matano
moja linabaki.
Hulalamiki. Umeliona likijaa,
umeona mkono ukilisogeza ukutani,
na ukiona kwako povu limezidi
unasema, "Shemeji, jaza vizuri langu,"
naye anajaza huku amenuna.

Miezi saba nimempiga video pacha wangu.
Bukuru akikata mikungu ya chikichi,
Bukuru akipuliza moto wa makumbi,
Bukuru na magoti yake kwenye tope jekundu
akisema neno lake lilelile, "Tulia, utaiva,"
kama vile chikichi zina masikio.
Watu wa Muscat walicheka. Watu wa Bujumbura
walituma mioyo. Mtu wa Mwanza
aliuliza bei ya dumu, hakurudi tena.
Laki tisa na ushee walitazama.

Na kila walipotaka kutazama
walisubirishwa kwanza:
sekunde tano za mafuta ya kiwandani,
mang'avu, hayana harufu, hayana shina,
mwanamke katika jiko la marumaru akitabasamu,
akikaanga kitu kisichoruka.
Hayo ndiyo yaliyotulipa.
Mafuta yale yanayomfukuza mama sokoni
yalikodi mlango wa mama
kupitishia biashara.

Ijumaa simu ikatetemeka.
Laki mbili, elfu sitini na moja, na mia nne.
Chini yake maandishi madogo kama mayai ya chawa:
fungu la kampuni limeshatolewa.
Limetolewa na nani, lini, kwa kikombe kipi?
Nilizunguka uani nikitukana.
Nikasema afadhali Gwasa!
Gwasa ni mwizi wa mchana, ana kope, ana jina,
unaweza kumsusia hata salamu.
Hawa wamekamua gizani
wakaniletea dumu limeshafungwa kizibo.
Mchumia juani hulia kivulini, tuliambiwa.
Hatukuambiwa kivuli kina mwenyewe.

Bukuru alikuwa anasugua sufuria kwa majivu.
Hakugeuka.
"Butoyi," akasema, "na langu mimi
umelipima kwa kikombe kipi?"

Nikakaa.

Maana pesa iliingia kwenye namba yangu,
kwa jina langu, na tangu asubuhi
nilishanunua kichwani spika, taa ya duara, viatu.
Mikono ile miekundu hadi viwiko
haikuwa na namba.

Jioni tukamwaga noti juu ya mkeka.
Bukuru hajui asilimia, anajua kibaba.
Akatenga: hii ya mikono. Hii ya jicho lako,
maana peke yangu nisingejiona.
Hii ya mama, ule mluzi wake unaosikika nyuma
(niliwahi kuhangaika kuufuta, nikashindwa,
na ndio watu wengi waliouulizia).
Hii ya mtoto wa Nyabenda, aliyetununulia bando
ile siku ya mvua.
"Na Gwasa? Mashine yake imo."
Tulicheka mpaka mama akauliza kuna nini.
Gwasa hakupata kitu. Anayo madumu.

Ikabaki mia nne.
Tuliigombania kuliko zile laki,
sisi tuliopishana dakika ishirini tumboni
na hadi leo hatujakubaliana
nani alimsukuma nani.

Kampuni sijui inakaa wapi.
Nimeiandikia; imenijibu mashine, kwa adabu.
Kesho tunakamua tena.
Nitamwomba Bukuru aseme mbele ya simu, polepole,
akiwa amelishika dumu la tano:
moja la mashine, hili hapa, mnaliona.
Kisha anyamaze,
awatazame
sekunde tano,
na asiwepo wa kuruka.