Elfu Nne na Mia Mbili

Karani wa Upper Hill ametugeuzia kompyuta tuone:
siku kumi Istanbul, elfu nne na mia mbili.
Mzigo ukipotea, watalipa. Mguu ukivunjika, watalipa.
Maiti, anasema akishusha sauti, hurudishwa nyumbani.

Kerubo amenifinya paja.
Kwao mabaya hayatajwi kabla ya safari;
hata koti la mvua amelizika chini kabisa ya sanduku,
mawingu yasije yakaliona.

Mimi napiga hesabu:
elfu nne ni mtungi wa gesi na chenji.
Halafu namkumbuka Onchari, jirani yetu South B,
tulivyomchangia kwa simu, mia mia, hamsini hamsini,
hospitali ya ugenini imemshikilia kwa sababu ya kidole tumbo.
Bima yake ilikuwa sisi,
na sisi tulichelewa.

Kamari ya ajabu hii:
unaweka dau ukiomba ushindwe.

“Lipa,” anasema Kerubo, macho dirishani,
“ila usinisomee hiyo karatasi.”

Simu imetetemeka. Salio limepungua.
Tumefika mlangoni, mvua ya Aprili nayo imefika,
na koti liko nyumbani,
chini kabisa ya sanduku.